Nionyeshe Wanapolala

Kuna hadithi moja ambayo Wamarekani hawachoki kusimuliana. Kijana anachoka na jiji. Anachoka na foleni ya magari, na bosi, na kodi, na kuamka gizani kwenda kufanya kazi isiyomhusu. Siku moja anajaza nguo kwenye gari bovu, anaendesha siku mbili tatu kuelekea magharibi mpaka aone milima, anafika kwenye mji mdogo unaoishi kwa theluji, anapata kazi ya kuosha vyombo au kukagua tiketi, na saa zilizobaki anateleza. Alipanga kukaa msimu mmoja tu. Anakaa miaka kumi. Hadithi hii ina vitabu vyake, filamu zake na majarida yake. Hata mhusika wake wana jina lake kabisa, ski bum, na ukitaka kulileta kwetu sema mzururaji wa theluji.

Nimekuwa nikizisoma na kuzitazama hadithi hizi kwa miezi kadhaa, mimi ambaye theluji pekee ninayoijua ni ile ya kukwangua kwenye friza. Sababu haifichiki. Kizazi chetu hapa Nairobi kina toleo lake la hadithi hiyohiyo, na ukiingia YouTube usiku wa manane utalikuta: fulani alihama Kileleshwa akaenda Kilifi, fulani sasa yuko Diani, fulani amepata keja Nanyuki yenye dirisha linalotazama Mlima Kenya. Kikombe cha kahawa, mbwa, machweo, na sauti ya upole ikituambia kwamba tunaweza pia. Sisi ni wageni kwenye biashara hii. Wenzetu wa theluji wana karibu miaka tisini wakiifanya, na wamefanya makosa yote mapema, kwa hivyo ni vizuri kwenda kuwasoma.

Ninasoma nikiwa na swali moja mkononi, la kishamba kidogo: nani analala wapi, na kitanda hicho kinalipiwa na nani? Sijali sana sentensi nzuri kuhusu ukimya wa asubuhi. Nionyeshe wanapolala kwanza. Mwandishi akikuficha kitanda, jua kuna kitu anakuuzia.

Na kuuza kulikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1936 kampuni ya reli ya Union Pacific, ikiongozwa na Averell Harriman, ilifungua Sun Valley huko Idaho. Huu haukuwa mji uliojiotea wenyewe kama Gikomba. Ulijengwa milimani ili watu wawe na sababu ya kununua tiketi za treni. Lifti ya viti, ile ya kukubeba juu ya mlima ukining'iniza miguu, ilibuniwa hapo na mhandisi wa kampuni, James Curran, ambaye aliwahi kushughulika na mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Alitoa ndoana ya mkungu, akaweka kiti cha binadamu. Nilicheka peke yangu nilipojua hilo. Ndoto yote ya mlima mweupe inaning'inia kwenye waya wa ndizi.

Kisha kampuni ikataka watu wa kuonekana. Mwaka 1939 ikamkaribisha Ernest Hemingway, ikampa chumba namba 206 bila malipo, kwa mategemeo kwamba atapigwa picha akiwinda na kuvua samaki na dunia itaona. Ndani ya hoteli hiyo aliandika sehemu ya For Whom the Bell Tolls, riwaya iliyotoka 1940. Huyu ndiye Hemingway yuleyule aliyeiweka theluji ya Kilimanjaro kwenye hadithi yake fupi ya 1936, mwaka uleule Sun Valley ilipofungua milango. Leo tungemwita influensa, na tusingekosea sana. Mwandishi mkubwa aliyetoroka kelele za mji akaenda kuandika mlimani alikuwa, kwa upande wa mhasibu wa reli, sehemu ya bajeti ya matangazo. Simlaumu. Chumba cha bure ni chumba cha bure, na mimi ningeingia kabla hawajamaliza kuongea. Lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu, ya mwandishi peke yake na mlima wake, haina risiti ya hoteli ndani yake, na kila aliyekuja baadaye akijaribu kuiiga alikuta risiti inamsubiri mezani.

Hunter S. Thompson alijua kwamba kuna risiti. Makala yake ya 1970 katika Rolling Stone kuhusu vita vya kisiasa vya Aspen, Colorado, ndiyo maandishi yenye hasira nzuri zaidi niliyoyapata kuhusu miji hii. Aspen ulikuwa mji wa machimbo ya fedha uliokaribia kufa baada ya bei ya fedha kuporomoka mwaka 1893. Ukalala miaka hamsini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Walter Paepcke, tajiri wa Chicago aliyetengeneza maboksi, akaufufua kwa theluji na muziki wa okestra. Kufikia miaka ya 1960 vijana wenye nywele ndefu walikuwa wamejazana, na nyuma yao madalali wa ardhi.

Mwaka 1969 kundi la Thompson lilimsimamisha wakili kijana, Joe Edwards, agombee umeya. Alishindwa kwa kura sita. Kura sita! Mwaka uliofuata Thompson mwenyewe akagombea usherifu wa kaunti. Sera zake zilikuwa kichekesho chenye meno: kung'oa lami ya barabara za mji na kupanda nyasi, na kubadilisha jina la Aspen kuwa Fat City, ili hakuna tapeli wa ardhi atakayeweza kuliuza jina hilo zuri tena. Alinyoa kichwa kipara ili yeye aweze kumwita mpinzani wake, mtu wa nywele fupi za kijeshi, "mpinzani wangu mwenye nywele ndefu". Alishindwa pia.

Ninachokipenda katika maandishi haya ni kwamba Thompson haandiki kama mtalii wa moyo wake mwenyewe. Hasemi amekuja kujipata. Anasema wapo watu wanaoula mji huu, wana majina, wana ofisi, na tuna siku kadhaa kabla ya kura. Ukisoma makala za watu waliohama mji leo, za kwao au zetu, tafuta mahali mwandishi anapotaja diwani wa huko alikohamia. Hutapata. Amehamia kwenye mandhari, hajahamia kwenye kata.

Hata hivyo nikamuuliza Thompson swali langu. Alilala Woody Creek, nje kidogo ya Aspen, kwenye shamba aliloliita Owl Farm. Alianza kama mpangaji, baadaye akalinunua, na mwenye nyumba wake alikuwa George Stranahan, mwanafizikia na mrithi wa utajiri wa plagi za Champion. Ndiyo, zilezile. Kila fundi wa Grogan amewahi kushika moja. Kwa hivyo mwanamapinduzi wetu alikuwa na landilodi tajiri aliyempenda, jambo ambalo kwenye uandishi ni bora kuliko shahada. Na kuna kejeli nyingine iliyokuja baada ya makala hiyo kuchapishwa. Edwards alichaguliwa kwenye bodi ya kaunti mwaka 1972, na wenzake wakaanza kuweka masharti makali ya ujenzi ili bonde lisimezwe na saruji. Bonde likabaki zuri. Nyumba zikabaki chache. Sasa fikiria mahali pazuri, penye nyumba chache, panapotamaniwa na watu wenye ndege zao binafsi, halafu niambie kodi itaelekea wapi. Waliopigania mji usiuzwe walisaidia, bila kukusudia, kuufanya uwe ghali kuliko wao wenyewe.

Leo wengi wanaopika, wanaofagia na wanaofundisha Aspen hawalali Aspen. Wanalala Basalt, Carbondale, Glenwood Springs iliyo umbali wa kilomita 65 hivi, wengine mpaka Rifle, na asubuhi wanapanda basi kupanda bonde. Mtu wa Githogoro anayevuka barabara kwenda kufua Runda ataielewa jiografia hii bila ramani. Tofauti ni kwamba yeye anavuka kwa miguu.

Sasa nije kwenye filamu, kwa sababu wengi wetu Aspen tuliijua kwa filamu. Dumb and Dumber ya 1994 ni wajinga wawili wasio na kitu wanaovuka Marekani nzima kwenda Aspen. Barabara za theluji unazoziona mle zilipigwa picha Breckenridge, na hoteli ile ya kifahari ni Stanley Hotel iliyoko Estes Park, lakini hiyo ni siri ya watengenezaji. Filamu ninayotaka kuizungumzia ni nyingine, haina jina kubwa huku kwetu, na nimeitazama mara tatu.

Aspen Extreme ilitoka 1993. Aliyeiandika na kuiongoza, Patrick Hasburgh, aliwahi kuwa mwalimu wa ski Aspen kabla hajaingia televisheni, kwa hivyo anajua anachokisema, hata anapokisema vibaya. T.J. Burke na Dexter Rutecki ni marafiki kutoka Detroit, jiji la viwanda vya magari. Wanafunga safari kwenda Aspen kuwa walimu wa ski. T.J., anayeigizwa na Paul Gross, ni mzuri wa sura, ana kipaji cha kuteleza, na chini kwa chini anataka kuwa mwandishi. Dexter, anayeigizwa na Peter Berg, hana sura ile wala kipaji kile. Ana mdomo tu na moyo mkubwa.

Filamu ilipotoka wakosoaji hawakuionea huruma, na kweli ina mambo ya kuudhi: muziki unaokuambia lini ulie, mazungumzo ya mapenzi yenye sukari ya kumwaga. Lakini ina akili moja ambayo vitabu vingi vya heshima havina. Inajua kwamba watu wawili wanaweza kuhama pamoja, kwa gari moja, kwa ndoto moja, wakafika kwenye miji miwili tofauti.

T.J. anafika kwenye Aspen ya kwanza. Anakutana na Bryce Kellogg, mwanamke tajiri, na muda si muda analala kwenye kasri lake. Lugha yetu ina neno la Bryce, tena tamu kuliko lolote walilonalo wao: sponsa. Na hapa filamu haimdhihaki T.J., wala haimtetei. Inaonyesha tu jinsi mtu anavyoingia kwenye nyumba kubwa hatua kwa hatua, na jinsi kila hatua ina sababu ya kueleweka. Kuna Robin pia, mtangazaji wa redio, msichana wa mji, anayewakilisha maisha ambayo T.J. angeishi kama angelipa kodi yake mwenyewe. Unajua kabla ya nusu saa atarudi kwa nani. Haidhuru.

Dexter anafika kwenye Aspen ya pili. Rafiki amehama, pesa hazitoshi, na mji ule una njia zake za kumtumia kijana asiye na pesa anayetaka kubaki. Anaingizwa kwenye mambo ya dawa za kulevya. Hakuna mahali filamu inasema kwa maneno kwamba Dexter ameanguka kwa sababu ya kitanda, ila ukiitazama na swali langu mkononi utaona kila kitu kinaanza pale mmoja anapopata pa kulala na mwingine hapati. Urafiki unavunjika kwenye mlango wa nyumba. Nilivyokulia Nairobi nimeona hili mara nyingi kiasi kwamba sihitaji theluji kulielewa: wasee wawili wametoka ocha pamoja, wamegawana godoro Zimmerman, mmoja akapata mtu wa Lavington, na hiyo ikawa mara ya mwisho kugawana chochote.

Kisha Hasburgh anafanya kitu ambacho bado kinanikera. Anamuua Dexter. Wawili hao wanateleza pamoja, theluji inaporomoka, T.J. anapona, Dexter anafukiwa. Kifo chenyewe kimepigwa picha vizuri, na maporomoko ya theluji si uzushi, watu wa milimani wanakufa hivyo kila msimu. Ila angalia kifo kinafanya kazi gani kwenye hadithi. T.J., aliyekuwa ameshindwa kuandika, sasa ana cha kuandika. Anaandika kuhusu rafiki yake, jarida la ski linachapisha, naye anakuwa mwandishi. Maskini wa hadithi amekufa ili mwenye bahati apate makala. Filamu inaliona hilo kama uponyaji. Mimi naliona kama wizi wa mwisho, baada ya wizi mwingine wote. Kama Dexter angebaki hai tungelazimika kujua aliishi wapi mwaka uliofuata, na aliye na deni ukubwani kwenye mji wa matajiri si mwisho mzuri wa filamu.

Labda nakereka kwa sababu ya T.J. na taipu yake. Filamu inataka tuamini kwamba kinachomzuia mtu kuandika ni hofu ya moyoni, na moyo ukipasuka maneno yatatoka. Mimi naandika kwa kandarasi, bedsita, Kahawa Wendani. Kuna mteja mmoja, simtaji, aliyelipa makala yangu baada ya miezi minne, na keteka wetu tarehe tano hapokei invoisi. Moyo wangu uko sawa kabisa. Kinachonizuia kuandika riwaya ni tokeni za stima. Na lile soko ambalo T.J. aliliuzia? Jarida la Powder, lililoanzishwa 1972 na ambalo kwa watu wa ski lilikuwa kama Biblia, lilisimamishwa mwaka 2020. Limerejeshwa baadaye kwa sura nyingine, lakini wafanyakazi wake wakati huo waliambiwa waende nyumbani kama kiwanda chochote cha Detroit.

Heather Hansman aliwahi kufanya kazi kwenye majarida hayo, na kitabu chake cha 2021, Powder Days, ndicho cha kumpa mtu anayetaka kuhama kesho asubuhi. Baada ya chuo Hansman mwenyewe alikwenda Colorado, akaanza kwa kukagua tiketi kwenye lifti. Miaka ikapita, akaishia kuishi jijini, Seattle, na kitabu ni safari yake ya kurudi kuzunguka miji ya ski akiuliza kama ile ndoto bado inawezekana. Anauliza maswali ya kweli. Anaandika kuhusu nyumba: jinsi zile zilizokuwa za wapangaji zimegeuzwa za kukodisha kwa usiku mmoja mmoja. Anaandika kuhusu weupe wa miji hii, na simaanishi theluji. Anaandika kuhusu hali ya hewa inayopunguza majira ya baridi, na, kwa uangalifu mkubwa, kuhusu watu wa milimani wanaojiua, katika sehemu ambazo zinauzwa kama tiba ya huzuni.

Ni kitabu kizuri. Kinanisumbua kwa upole wake. Hansman ameona kila kitu, ameandika kila kitu, halafu theluji mpya inaanguka na sentensi zake zinalainika kama za mtu aliyemwona mpenzi wa zamani ng'ambo ya barabara. Sitaki kumnyima hilo. Bila mapenzi hayo kitabu kingekuwa ripoti. Lakini yanamfanya awatazame zaidi wale wanaofanana naye, waliosoma, waliochagua umaskini huu kwa muda, na ambao siku ikifika wana pa kurudi. Kuchagua kukosa ni tofauti na kukosa. Kitabu kinalijua jambo hilo, kinalitaja, kisha kinarudi kwa marafiki zake.

Hapa naomba nitoke kidogo. Nilipokuwa bado chuoni, ubao wa matangazo ulikuwa haukosi karatasi za mawakala wa visa ya J-1, ule mpango wa wanafunzi kwenda Marekani kufanya kazi wakati wa likizo ndefu. Miji ya ski inautegemea sana; msimu wa baridi hujaa vijana wa Peru na Argentina, kwa sababu likizo yao ndefu huangukia Desemba hadi Machi. Wanaendesha lifti, wanatandika vitanda, na wenyewe wanalala kwenye vitanda vya ghorofa, wanne chumbani. Sharti la visa ni kwamba uwe umesajiliwa chuoni. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na nililala vizuri usiku huo. Ila sheria hiyo ina mzaha wake: ili niruhusiwe kutoroka, lazima kwanza nithibitishe kwamba kuna mahali sijatoroka. Mzururaji wa theluji wa Marekani aliacha chuo akaenda mlimani na wakamtungia hadithi. Mzururaji wa Lima au Thika anahitaji barua ya msajili. Na katika vitabu vyote nilivyovitaja mpaka sasa, kijana huyo wa Lima anapita nyuma ya sentensi akibeba trei.

Anayemgeukia, au angalau anayewageukia watu wa aina yake, si mwandishi wa fasihi. Ni mwanasosholojia. Justin Farrell, mzaliwa wa Wyoming anayefundisha Yale, alitoa Billionaire Wilderness mwaka 2020. Anachunguza Kaunti ya Teton, Wyoming, palipo na mji wa Jackson na milima yake ya ski, mahali penye pengo kubwa kuliko yote Marekani kati ya walio nacho na wasio nacho. Karibu asilimia 97 ya ardhi ya kaunti ni ya umma, haijengwi. Jimbo halitozi kodi ya mapato. Ukiunganisha mambo hayo mawili utajua kwa nini mabilionea wameipenda hewa safi ya huko.

Farrell aliingia sebuleni mwao. Sehemu bora ya kitabu ni pale anapowasikiliza matajiri wakieleza kwa nini wanavaa jinzi zilizochakaa na buti za mchunga ng'ombe, kwa nini wanapenda kusema kwamba huku hakuna anayejali una pesa ngapi, kwamba rafiki yao mkubwa ni yule jamaa anayewatengenezea uzio. Nao pia wamehama mji, unaona. Nao pia wanasimulia hadithi ileile ya kijana wa gari bovu: nilichoka na jiji, nikaja kutafuta maisha ya kweli. Wameichukua hadithi ya mzururaji wakaivaa pamoja na jinzi zake.

Kisha Farrell anakwenda kuwauliza wale marafiki. Wengi ni wahamiaji kutoka Mexico, wengi wao wenyeji wa eneo moja, San Simeón, katika jimbo la Tlaxcala. Wanafanya kazi mbili tatu, wanabanana kwenye nyumba za trela, na wanajua vizuri sana kwamba yule bwana anawaita rafiki. Wao hawamwiti hivyo. Nilisoma kurasa hizo polepole. Baada ya hadithi zote za kina Burke, hatimaye kitanda kilikuwa katikati ya ukurasa, na watu wangapi wamo juu yake. Pia Farrell anatonesha kidonda kimoja ambacho kitawauma wapenzi wa mazingira: misaada ya matajiri hao huenda zaidi kwa swala na mito kuliko kwa nyumba za watu, na ardhi ikizidi kulindwa, thamani ya nyumba zao inazidi kupanda. Lugha yake ni kavu, ya kitaaluma, kuna majedwali. Vumilia.

Kwa wanaodhani haya ni ya vitabuni, Desemba 2024 walinzi wa mlima wa Park City, Utah, waligoma. Hawa ndio wanaokuokoa ukivunjika mguu, na ndio wanaolipua theluji mapema ili isije ikakufukia kama Dexter. Mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 21 kwa saa, wakataka 23. Mlima unamilikiwa na Vail Resorts, ambapo tiketi ya siku moja katika msimu wa msongamano imeshapita dola 300. Mgomo ulianguka katikati ya sikukuu, sehemu kubwa ya mlima haikufunguliwa, foleni za lifti zikawa kama za Ambassador jioni ya mvua. Baada ya karibu wiki mbili wakapata zile dola mbili. Kwa miongo mingi hoja dhidi yao ilikuwa kwamba wanalipwa kwa mandhari, kwamba kuishi pale ni sehemu ya mshahara. Ndiyo faida ya hadithi nzuri kwa mwajiri. Inapunguza gharama.

Ninachokikosa bado ni maandishi ya mtu aliyefika mlimani bila kutoroka chochote. Sisi wenyewe tunao watu wa aina hiyo. Philip Boit, mwanariadha wetu, alipelekwa Finland mwaka 1996 akiwa hajawahi kugusa theluji, kwa mradi uliodhaminiwa na Nike, na mwaka 1998 akawa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho kilomita kumi, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri kwenye utepe amkumbatie. Kila mtu amesimulia lile kumbatio. Sijaona aliyesimulia ile miezi ya Finland, chumba chake, chakula, giza la saa tisa alasiri.

Na kuna Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya Pyeongchang 2018 katika ski ya milimani. Alizaliwa Kilifi. Akiwa na miaka mitatu alihamia Austria na mamake, na baba wa kambo akamweka juu ya ski. Kilifi, jamani. Huko huko ambako vijana wa Nairobi wanahamia kutafuta utulivu na kupiga picha za machweo, kuna mtoto aliyetolewa akapelekwa kwenye theluji kabla hajajua kuchagua. Yeye anajua alilala wapi Kilifi na alilala wapi Austria, na ni nani alikuwa akilipa. Akikaa chini akaandika kitabu hicho, nitakopa Fuliza nikinunue.